Tuwatilie Vijana Wetu Mpini

(Hotuba juu ya vijana na ukosefu wa kazi, iliyotolewa msikitini mbele ya wazee, akina mama na vijana, Mvumi, Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., pamoja na aali zake na masahaba zake.



Mada niliyopewa ni vijana na ukosefu wa kazi. Ni mada inayozungumzwa bungeni, redioni na vijiweni, na kila mtu ana lake la kusema. Mimi naomba nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe, kwani si vema mtu asimame hapa kuwanyooshea wengine kidole na hali yake mkono haujawa safi.

Miaka michache iliyopita alinijia kijana mmoja baada ya sala ya Isha. Jina lake sitalitaja. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mkononi ameshika bahasha ya kaki ambayo kwa kukunjwa na kukunjuliwa ilikwisha chakaa pembeni. Akaniambia: "Mwalimu, naomba unishauri. Nimeomba kazi kila mahali, sijaitwa." Nami nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nikamwambia: "Subiri, mwanangu. Riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Na kwa sasa ujitahidi kujiajiri." Akanijibu, "Ahsante, mwalimu," akaondoka.

Ndugu zangu, maneno niliyomwambia yalikuwa ya kweli, lakini mimi niliyatumia kufunga mlango. Juma lililofuata sikumwona katika safu, wala lililofuata baada ya hilo. Nilipouliza, wenzake wakanieleza kwamba anaona haya kuja msikitini, kwa sababu kila anayempa mkono baada ya sala humwuliza, "Bado tu hujapata kazi?" Baadaye akaondoka kwenda Dar es Salaam, na mpaka leo hajarudi.

Siku moja nilikwenda kumjulia hali mama yake. Katika mazungumzo mama yule akanionyesha cherehani iliyokuwa imesukumwa pembezoni mwa chumba na kufunikwa gunia. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa fundi wa nguo. Mkanda wake umekatika na meza yake imeliwa na mchwa. Mama akasema kwamba kijana yule alijifunza kushona akiwa mdogo, akikaa miguuni pa baba yake. Kwa miaka yote aliyohangaika na bahasha yake, hakuna mtu hata mmoja katika jamaa yetu ya msikiti aliyemwuliza swali hili jepesi: nyumbani kwenu kuna nini, na wewe unajua kufanya nini? Mimi, niliyeitwa mwalimu, ndiye wa kwanza ambaye sikumwuliza.

Basi hotuba hii ni deni ninalojaribu kulilipa, na naomba mnisaidie kulilipa.

NJIA ANAYOIPITA MTAFUTA KAZI

Wako wazee wanaosema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Wavivu wapo, kama walivyokuwapo zamani. Lakini tusihukumu kabla ya kuijua njia wanayopita.

Kijana wa Mvumi anayetaka kuomba kazi ya serikali leo hapeleki tena barua kwa mkono. Maombi hufanyika kwa mtandao, katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kwa hiyo atahitaji namba ya kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa, na nakala za vyeti vya shule zilizothibitishwa na mwanasheria. Asiye na simu nzuri hupanda gari kwenda Kilosa au Morogoro kutafuta duka la huduma za intaneti, na hulipia nauli, nakala, wakili na kuchapiwa barua. Akiitwa kwenye usaili huenda ukafanyika mkoa wa mbali. Atakopa nauli, atalala kwa ndugu au kwa rafiki wa rafiki, atafanya mtihani, na kisha atarudi kungoja. Fedha hiyo mara nyingi hutokana na kuku wa mama yake au gunia la mahindi lililowekwa kwa ajili ya chakula.

Je, huko anakokwenda nafasi ni ngapi? Mwezi Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nafasi zilizotangazwa zilikuwa 70. Waliofika kugombea walikuwa zaidi ya 10,000, wakakaa katika viti vya mashabiki wa mpira. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakapita 130,000. Chukueni hesabu hiyo ya pili: hata kama waombaji wote wangekuwa hodari, wachamungu na wachapa kazi, katika kila watu 80 na zaidi angepata mmoja tu. Wale waliobaki hawakukosa kwa sababu ya uvivu, wala haifai tuwatazame kama watu waliolaaniwa.

Juu ya hayo kuna wezi wa njiani. Wako matapeli wanaotoa matangazo ya kazi ya uongo, wakamtaka kijana atume "fedha ya fomu" au "fedha ya sare" kwa simu, na akishatuma namba haipatikani tena. Wako na wale wasemao, "Mimi namjua bwana mkubwa, leta kitu kidogo." Kijana aliyechoka ni mawindo mepesi.

WAZEE WETU WALIPATAJE KAZI?

Nasema haya kwa kuwa sisi wazee tunapima siku za leo kwa kipimo cha jana. Nchi hii yetu ya Kilosa ilikuwa nchi ya kazi. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1909. Mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893, ulienea hata mashamba ya Kimamba na Rudewa yakawa yanaita watu kutoka kila upande. Wengi wetu babu zetu walikuja huku kutoka mikoa ya mbali wakiwa manamba. Kazi ilikuwa ngumu na ujira ulikuwa duni, lakini mtu akifika alipewa kipande chake, akikamilisha siku 30 analipwa. Hakuulizwa cheti wala uzoefu. Aliyekuwa na mikono alipata kazi.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha mkonge tani zipatazo 230,000. Kisha nyuzi za viwandani zikashika soko la dunia, bei ikaanguka, mashamba yakabadili wenyewe na mengine yakageuka pori. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mazao yalikuwa yameshuka hadi karibu sehemu moja tu ya kumi ya yale ya zamani. Viwanda vya Morogoro mjini vilivyowaajiri vijana wetu, vya viatu, ngozi na turubai, vingi vilifungwa au kuuzwa. Kwa hiyo mlango ulioingiza baba zetu ulifungwa kabla vijana hawa hawajazaliwa.

Baada ya hapo tukafungua mlango mwingine, nao ni shule. Kuanzia mwaka 2004 ulianza mpango wa kujenga sekondari katika kata. Mwaka 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Hiyo ni neema, na tumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini tuliwajaza watoto fikra kwamba mwisho wa shule ni meza na kiti ofisini, hali ofisi hazikuongezeka kama madarasa yalivyoongezeka. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, mpaka serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya. Wale walikuwa watoto wetu, waliokaa madarasani miaka minne, nao leo ni watu wazima wenye watoto.

Hapa karibuni tumeona pia kazi ya reli mpya. Tangu mwaka 2018 milima ya Kilosa ilitobolewa mahandaki, na vijana wengi walipata vibarua. Mwaka 2024 treni ya abiria ikaanza kwenda Dodoma. Treni inapita, nasi tunaishukuru. Lakini kazi ya kujenga ikimalizika na vibarua vyake humalizika, na wapo waliorudi nyumbani na kofia ngumu na koti la rangi ya kung'aa, bila cheti cha ufundi walioufanya kwa mikono yao.

NENO "SUBIRI" NA NENO "JIAJIRI"

Kwa hali hiyo, kijana akija kwetu tunampa moja ya maneno mawili. La kwanza ni "subiri." Subira ni nusu ya imani, lakini subira ya Kiislamu ni kushikilia jambo bila kukata tamaa, wala si kukaa kijiweni ukitazama barabara. Suratul Jumua yatufundisha kwamba sala ikiisha kuswaliwa tutawanyike katika ardhi tukatafute fadhili za Mwenyezi Mungu. Dini yetu haikumtoa mtu msikitini akalale.

La pili ni "jiajiri." Hili ndilo neno la wakati huu. Lina ukweli ndani yake, lakini mara nyingi tunalisema kama nilivyolisema mimi, ili aliye mbele yetu aondoke. Ajiajiri kwa nini? Kwa shamba lipi, ikiwa baba hajamkatia hata nusu ekari? Kwa chombo kipi? Kwa mtaji upi? Kumwambia asiye na kitu ajiajiri ni sawa na kumpa mtu shoka lisilo na mpini, kisha ukamlaumu jioni kwamba hakuleta kuni.

YULE MTU WA MADINA

Sasa tutazame alivyofanya mbora wa walimu, Mtukufu Mtume s.a.w. Imepokelewa na Abu Daud kutoka kwa Hadhrat Anas r.a. kwamba mtu mmoja katika Ansar alikuja kwa Mtume s.a.w. kuomba. Mtume s.a.w. hakumpa sadaka, wala hakumfukuza, wala hakumhutubia. Alimwuliza kama nyumbani kwake kuna kitu chochote. Yule mtu akajibu kwamba kuna nguo nzito ambayo wao hujifunika upande na kutandika upande, na bakuli la kunywea maji. Akaamriwa avilete. Mtume s.a.w. akavishika kwa mkono wake mtukufu, akawauliza waliokuwapo ni nani atakayevinunua. Mmoja akasema dirhamu moja. Mtume s.a.w. akauliza mara mbili au tatu nani atazidisha, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili.

Akampa mwenyewe fedha zile, akamwelekeza kwamba kwa dirhamu moja anunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka amletee. Shoka lilipoletwa, Mtume wa Mungu s.a.w. akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamtuma akakate kuni na kuziuza, na asimwone kwa siku kumi na tano. Zilipotimia, mtu yule akarudi akiwa amepata dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula. Hapo ndipo Mtume s.a.w. akamweleza kwamba hali hii ni bora kwake kuliko kuja Siku ya Kiyama na alama ya kuombaomba usoni mwake.

Ndugu zangu, tuihesabu hadithi hii hatua kwa hatua. Kwanza alimwuliza alichonacho, wala hakuanza na asichonacho. Pili, aliwashirikisha waliokuwa wamekaa pale, na bei ikapanda kwa sababu jamaa ilikuwapo. Tatu, dirhamu ya kwanza ilikwenda kwenye chakula, kwani mwenye njaa hawezi kufanya kazi wala kufikiri. Nne, dirhamu ya pili ikawa chombo cha kazi. Tano, aliutia mpini mwenyewe. Sita, aliweka muda wa kuja kuulizana. Na mawaidha kuhusu aibu ya kuomba yalikuja mwisho, baada ya mtu kushiba na kuvaa. Sisi tumeigeuza hadithi: tunaanza na mawaidha, na hapo hapo tunamaliza.

KWA VIJANA

Wanangu, msidhani nimekuja kuwatetea tu. Nanyi mna sehemu yenu. Yule mtu wa Madina alipewa shoka, lakini kuni alikata yeye.

Msiidharau kazi ya mikono. Nabii Daud a.s. alikuwa mfalme, nasi tumefundishwa kwamba alikula kutokana na kazi ya mikono yake, akifua chuma na kutengeneza nguo za vita. Nabii Zakaria a.s. alikuwa seremala. Ikiwa seremala aliweza kuwa nabii, mwenye cheti cha kidato cha nne haaibiki kushika randa. Wahenga wetu nao walisema: achanikaye kwenye mpini hafi njaa.

Katika wilaya yetu hii hii kuna Chuo cha Ufundi Stadi cha VETA pale Mikumi, na Ilonga kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Ilonga hiyo hiyo kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichotoa mbegu zinazopandwa katika mikoa mingi, nasi tulio jirani tunapanda mahindi tuliyoyabakiza ghalani. Hata sera ya elimu ya nchi, iliyozinduliwa upya tarehe 31 Januari 2025, imeweka mkondo wa amali katika sekondari, ili kijana atoke na ujuzi mkononi. Basi anayeujua uchomeleaji, ushonaji, ufundi wa pikipiki au umeme wa jua asijihesabu kuwa ameshindwa shule.

Jiepusheni na kamari. Naijua mikeka inayojazwa kwenye simu usiku, na naijua hoja yenu: "Mwalimu, kwa shilingi mia tano naweza kupata laki." Qurani Tukufu imeitaja kamari pamoja na ulevi, ikaita uchafu katika kazi za shetani. Mwenye kampuni ya kamari hajengi nyumba kwa fedha za walioshinda. Shilingi mia tano yako ya kila siku, ukiiweka miezi sita, ni karibu elfu tisini: hiyo ni bei ya vifaranga na chakula chao cha kuanzia, au seti ya spana za fundi.

Wala msinunue kazi kwa rushwa. Anayeingia kazini kwa rushwa huanza kuirudisha fedha yake kwa kuwanyonya wanyonge, na riziki yake yote huchafuka tangu shina.

Na ombi langu la mwisho kwenu: msiukimbie msikiti kwa sababu ya kuona haya. Hii ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, wala si ofisi ya watu waliofaulu. Mtu akikuuliza, "Bado hujapata kazi?" mjibu kwa adabu, "Bado, mzee wangu, nisaidie kutafuta."

KWA WAZEE NA WENYE MALI

Wazee wangu, hupenda sana kusimulia habari za Hadhrat Abdurrahman bin Auf r.a., aliyehamia Madina mikono mitupu, akaomba aonyeshwe soko tu, akaanza kuuza jibini na samli mpaka akatajirika. Twawaambia vijana: mwe kama yeye. Lakini tunamsahau mwenyeji wake, Hadhrat Saad bin Rabi r.a., ambaye kabla ya hapo alikuwa amemwekea mbele nusu ya mali yake yote. Abdurrahman alikataa kupokea kwa sababu alikuwapo Saad aliyetaka kutoa. Tunawataka vijana wawe Abdurrahman. Je, Saad wa Mvumi ni nani?

Hatuambiani tutoe nusu ya mali. Lakini mzee mwenye ekari kumi, ambazo nne hulala na majani kila mwaka, anaweza kumkatia mwanawe moja akiwa hai, pasipo kungoja mirathi ilete ugomvi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji, akiwemo kijana, kuomba ardhi kwa Halmashauri ya Kijiji. Serikali imekwisha kufuta hati za mashamba kadhaa yaliyotelekezwa katika wilaya yetu ili wananchi wagawiwe. Basi mkutano wa kijiji ukiitwa, msiwaache vijana nje ya mti. Waiteni, wasimame, waseme.

Mwenye pikipiki uliyempa kijana kwa hesabu ya kila siku, mche Mungu. Mvua ikinyesha kutwa na barabara ya Dumila ikawa haina abiria, unapodai hesabu kamili kijana huyo atalala na njaa au atakimbia mwendo wa kufa. Andikianeni mkataba, na baada ya muda mliokubaliana pikipiki iwe yake kweli, isije ikanyang'anywa mwezi wa mwisho kwa kisingizio. Na mwenye shamba uliyemwita kibarua kupalilia, mlipe kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyoamrishwa. Tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaichukua kazi yake kamili, akamnyima ujira. Mwajiri wa namna hiyo akisimama safu ya kwanza, kijana aliyedhulumiwa atakuja kusimama nyuma yake kwa moyo gani?

Na mabinti zetu tusiwasahau. Binti akimaliza shule, mara nyingi twamtafutia ama mume ama nyumba ya watu mjini akafanye kazi za ndani, na hatuulizi tena habari zake. Hadhrat Khadija r.a. alikuwa mfanyabiashara ambaye misafara yake ilifika Sham. Binti anayejua kushona, kuoka au kufuga naye ana haki ya shoka na mpini.

TUFANYE NINI HAPA MVUMI?

Napendekeza mambo manne, na yote tunayaweza.

La kwanza, tufungue daftari. Kila kijana wa msikiti huu asiye na kazi, wa kiume na wa kike, aandikwe: anajua nini, nyumbani kwao kuna nini, anakosa nini. Tusiandike "hana kazi" tukaishia hapo. Kama daftari hilo lingekuwapo, ile cherehani ingeonekana.

La pili, tuwe na mfuko mdogo wa vyombo vya kazi. Usiwe mfuko wa kugawa fedha. Uwe wa kununua mkanda wa cherehani, pampu ya dawa, msumeno, mbegu. Kila kaya ikitoa debe moja la mahindi au la mpunga wakati wa mavuno, tutashangaa wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, kila kijana apewe mzee au fundi mmoja wa kumtilia mpini, yaani wa kumfundisha, kumjulisha kwa wateja, kumwandikia barua ya dhamana. Pia tuwasaidie kuunda vikundi vya kweli. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu, miongoni mwa kasoro nyingine, vilionekana vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Mwaka 2024 ikarudishwa. Mwislamu anayekimbia riba ana mlango hapo, lakini auingie kwa uaminifu na alipe, ili asiwafungie wengine.

La nne, siku kumi na tano. Baada ya kila majuma mawili, mwenye kumsimamia kijana amwulize: umefikia wapi? Asimwulize kwa kumkebehi mbele za watu. Amwulize kama Mtume s.a.w. alivyomngoja yule mtu arudi na dirhamu zake.

Haya hayatamaliza ukosefu wa kazi Tanzania. Kazi hiyo ni ya serikali na ya taifa zima, nasi tuna haki ya kuiuliza. Lakini Mtukufu Mtume s.a.w. hakungoja umaskini wa Arabia yote uishe ndipo amtilie mpini mtu mmoja. Mvumi tunajuana kwa majina. Hatuna udhuru wa kusema hatukumwona.

Mama wa yule kijana amekubali cherehani ile itolewe ukutani. Mkanda nimekwisha uagiza, na fundi seremala mmoja aliyeketi hapa amejitolea kutengeneza meza. Nimempelekea kijana salamu mjini kwamba cherehani ya baba yake inamngoja, na kwamba akirudi hatutamwuliza kama amepata kazi. Iwapo hatarudi, mama ameridhia itumiwe na mwingine kwa niaba yake mpaka atakapokuja.

Ewe Mwenyezi Mungu, wafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, na utuondolee sisi ugumu wa moyo unaowafungia. Wakinge na kamari, ulevi na kukata tamaa. Wape wenye mali moyo wa Saad, na uwape wasio na mali moyo wa Abdurrahman. Wabariki wote waliotoka kwa kazi wakawa mbali na wazazi wao, na uwarudishe salama. Amin.

Wa aakhiru daawana anilhamdu lillahi Rabbil aalamin.